Kuotea katika soka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mpira umetinga nyavuni, wachezaji wanashangilia, kumbe mwamuzi msaidizi ameshainua kibendera. Ubishi unaanza hapo hapo na mara nyingi hauishi hata mechi ikiisha. Kwa sehemu kubwa unatokana na jambo moja: watazamaji humwangalia mshambuliaji pale anapoupokea mpira, ilhali kanuni humwangalia pale mwenzake anapougusa kumpasia. Kati ya nukta hizo mbili mshambuliaji mwenye kasi anaweza kuwa amekwenda mita tano au sita, na beki naye amekwenda upande mwingine. Majibu mengi yaliyo hapa chini yanarudi kwenye nukta ile ya kwanza.

Mchezaji anahesabiwa yuko katika nafasi ya kuotea wakati gani?

Mambo matatu lazima yakutane kwa wakati mmoja. Awe ndani ya nusu ya uwanja ya wapinzani. Awe karibu zaidi na mstari wa goli la wapinzani kuliko mpira. Na awe karibu zaidi na mstari huo kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Likikosekana moja tu, hajaotea. Mstari wa goli hapa ni ule mstari wote wa mwisho wa uwanja, kutoka kona hadi kona, si kipande kilicho kati ya nguzo mbili tu.

Sharti la mpira ndilo linalosahaulika zaidi. Winga ameambaa hadi mwisho wa uwanja, ameinua kichwa, akaurudisha mpira nyuma kwa mwenzake aliyesimama karibu na goli, na mbele ya huyo mwenzake amebaki kipa peke yake. Watu hupiga kelele kwamba ameotea. Hajaotea, maana mpira ulipopigwa yeye alikuwa nyuma yake. Mchezaji aliye nyuma ya mpira, au sambamba nao, hawezi kuotea hata kama mabeki wote wamebaki katikati ya uwanja.

Kwa nini inasemwa "mpinzani wa pili kutoka mwisho", si "beki wa mwisho"?

Kwa sababu kanuni haimtofautishi kipa na mchezaji mwingine. Kwa kawaida kipa ndiye wa mwisho na beki ndiye wa pili, kwa hiyo tumezoea kuangalia beki wa mwisho na mambo yanakwenda sawa. Kipa akitoka golini, mazoea hayo yanatudanganya.

Tarehe 11 Juni 2010 mjini Johannesburg, katika mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia kati ya Afrika Kusini na Mexico, ilipigwa kona, kipa Itumeleng Khune akatoka na kuukosa mpira, kisha Carlos Vela akaujaza wavuni. Nyuma ya Vela alikuwapo beki mmoja wa Afrika Kusini, na wengi waliotazama waliona hiyo inatosha. Haitoshi. Kwa kuwa Khune alikuwa ameshatoka, walihitajika wapinzani wawili na alikuwapo mmoja tu. Goli lilikataliwa na uamuzi ulikuwa sahihi kabisa. Miaka 12 baadaye, katika mechi nyingine ya ufunguzi, Qatar dhidi ya Ekuador, goli la kichwa la Enner Valencia la dakika ya tatu lilifutwa katika mazingira yanayofanana: kipa alitoka, na mguu wa Michael Estrada ulikuwa umempita mpinzani wa pili kutoka mwisho.

Akiwa sambamba na beki je?

Hajaotea. Hadi mwaka 1990 aliyekuwa sambamba alihesabiwa ameotea. Tangu mwaka huo faida inakwenda kwa mshambuliaji.

Sehemu gani za mwili zinahesabiwa?

Kichwa, kiwiliwili na miguu, yaani zile anazoruhusiwa kufungia goli. Mikono haihesabiwi, ya mshambuliaji, ya beki wala ya kipa. Mkono unaanzia usawa wa chini ya kwapa, kwa hiyo sehemu ya juu ya bega ni halali kufungia na inahesabiwa. Mshambuliaji anayemwonyesha mwenzake kwa kidole mahali pa kupeleka pasi haotei kwa sababu ya kidole hicho. Lakini goti au ncha ya kiatu ikitangulia, ameotea.

Kusimama katika nafasi hiyo ni kosa?

Hapana, na natamani kila mtangazaji wa mpira angelisema hili wazi. Mchezaji anaweza kusimama nyuma ya mabeki dakika zote 90 bila kufanya kosa lolote. Kosa linatokea anapojihusisha na mchezo baada ya mwenzake kuucheza au kuugusa mpira.

Njia ya kwanza ya kujihusisha ni kuucheza au kuugusa mpira mwenyewe. Hiyo haina utata.

Ya pili ni kumwingilia mpinzani, na hapa waamuzi hutofautiana. Anaweza kuwa amemziba kipa macho asiuone mpira. Anaweza kuwa anagombea mpira na beki. Anaweza kuwa amejaribu wazi kuupiga mpira uliopita karibu naye, au amefanya kitendo kingine cha dhahiri, na kitendo hicho kikamwathiri mpinzani katika kuucheza mpira. Hilo la kuathiri ndilo la kupima. Mshambuliaji aliyesimama mita tatu pembeni mwa njia ya shuti, kipa akiuona mpira vizuri, hajamwingilia mtu. Akisimama mbele ya macho ya kipa, goli linakufa hata kama hakuugusa mpira.

Njia ya tatu ni kunufaika na nafasi ile mpira unaporudi baada ya kugonga nguzo, mtambaa wa panya, mwamuzi au mpinzani, au baada ya mpinzani kuuokoa. Nitaieleza chini, maana inachanganya watu wengi.

Mfano uliogawa watu ni wa Manchester United na Manchester City, tarehe 14 Januari 2023 pale Old Trafford. Pasi ilipenyezwa nyuma ya mabeki kuelekea alikokuwa Marcus Rashford, aliyekuwa ameotea. Rashford akakimbia na mpira ukiwa miguuni pake bila kuugusa, kisha Bruno Fernandes akatokea nyuma akaupiga wavuni. Kibendera kilikuwa kimeinuka, lakini mwamuzi akalikubali goli kwa hoja kwamba Rashford hakuugusa mpira wala hakumzuia mpinzani. Kwa maoni yangu, hoja hiyo iliishika herufi ya kanuni ikaiacha roho yake. Mabeki na kipa walimkabili mtu anayekimbia na mpira, wakajipanga kwa ajili yake. Mtu wa namna hiyo ameshaathiri mchezo.

Hesabu inachukuliwa lini hasa?

Mguu wa mpasiaji unapogusana na mpira kwa mara ya kwanza. Mpira hukaa kwenye mguu muda mfupi sana kabla ya kuondoka, na katika muda huo mdogo mshambuliaji anaweza kusogea sentimita kadhaa, ndiyo maana kanuni imetaja mguso wa kwanza. Kipa akirusha mpira kwa mkono, kinachotumika ni mguso wa mwisho, pale mpira unapotoka mkononi, kwa kuwa kipa anaweza kuukumbatia kwa sekunde kadhaa.

Kwa hiyo mshambuliaji aliyekuwa nyuma ya beki pasi ilipopigwa, akachomoka na kuupokea mpira mita kumi mbele ya kila mtu, ni halali. Na kinyume chake: aliyekuwa ameotea pasi ilipopigwa, kisha akarudi nyuma kuupokea sambamba na mabeki, bado ameotea. Kurudi hakumsafishi.

Beki akiugusa mpira, kuotea kunafutika?

Inategemea ameugusa vipi. Beki akiucheza mpira kwa kukusudia, mshambuliaji aliyekuwa ameotea anakuwa huru. Mpira ukimgonga tu na kubadili njia, hakuna kinachofutika.

Ugumu uko katika kusema "amekusudia" ni nini. Tarehe 10 Oktoba 2021 mjini Milan, katika fainali ya Ligi ya Mataifa ya Ulaya, Kylian Mbappé wa Ufaransa alikuwa ameotea pasi ilipopigwa, lakini beki wa Hispania Eric García alinyoosha mguu akaugusa mpira kidogo kabla haujamfikia. Goli likakubaliwa, Ufaransa ikashinda 2-1. Wahispania walilalamika, na nadhani walikuwa na haki ya kulalamika: beki anayejitupa kukata pasi anaadhibiwa, ilhali aliyesimama tu angepewa mpira wa adhabu kwa faida yake.

Mwaka 2022 IFAB, bodi inayotunga kanuni za mchezo huu, ilitoa ufafanuzi. Siku hizi mwamuzi hujiuliza kama beki alikuwa na uwezo wa kuumiliki mpira, kumpasia mwenzake au kuuondosha. Huangalia kama mpira ulitoka mbali na beki akauona vizuri, kama haukuwa na kasi kubwa, kama haukubadili njia ghafla, na kama beki alipata muda wa kuuweka mwili sawa badala ya kujinyoosha au kuruka kwa shida. Mpira unaotambaa chini ni rahisi kuucheza kuliko ulio hewani, na hilo nalo linapimwa. Beki aliyetimiza masharti hayo kisha akaukosea mpira, kosa ni lake.

Kipa ametema shuti au mpira umegonga nguzo, aliyemalizia ameotea?

Rudi kwenye shuti. Tuseme namba kumi amepiga kutoka nje ya eneo la hatari, na namba tisa wakati huo amesimama mbele ya mabeki, hatua moja kutoka kwa kipa. Kipa anatema, namba tisa anamalizia. Ameotea, maana kuokoa hakuhesabiwi kuwa ni kuucheza mpira kwa kukusudia, hata kipa aupanchi vizuri kiasi gani. Beki anayeuzuia mpira kwa mguu usiingie golini naye anahesabiwa ameokoa.

Kama namba tisa alikuwa nyuma ya beki shuti lilipopigwa, kisha akawahi kuliko wote, goli ni safi. Tofauti ya matukio hayo mawili ni hatua moja aliyopiga mapema au aliyosubiri, na wamaliziaji hodari hujifunza kusubiri.

Penalti ikitemwa je?

Aliyemalizia hajaotea, ilmradi hakuingia eneo la penalti mapema. Wakati wa kupiga, wachezaji wote isipokuwa mpigaji na kipa anayedaka hutakiwa kuwa nyuma ya mpira.

Ni lini hakuna kuotea kabisa?

Mchezaji akiupokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye goli kiki, mpira wa kurusha au kona. Msisitizo ni kwenye "moja kwa moja". Kona ikipigwa fupi kwa mwenzake kisha huyo akapiga krosi, kuotea kumerudi, na magoli mengi ya kona fupi hukataliwa kwa sababu mpigaji wa kona amebaki pale kwenye mstari, mbele ya mabeki wote waliokwisha kupanda. Mpira wa adhabu haumo katika orodha hii: kwenye faulo watu huotea kama kawaida.

Katika futsal na soka la ufukweni hakuna kanuni ya kuotea.

Ukiwa nusu yako ya uwanja unaweza kuotea?

Hapana, tangu mwaka 1907. Mstari wa katikati wenyewe si sehemu ya nusu ya wapinzani, kwa hiyo aliyeukanyaga bila kuuvuka kwa kichwa, kiwiliwili wala mguu yuko salama. Lakini mshambuliaji aliyekuwa ameotea upande wa pili anaweza kurudi kuufuata mpira akaugusa akiwa nusu yake, na adhabu itapigwa hapo hapo alipougusa. Watazamaji wakiona mpira umewekwa nusu hiyo hudhani mwamuzi amekosea.

Beki akitoka nje ya uwanja, mshambuliaji anaotea?

Beki aliyetoka bila ruhusa ya mwamuzi huhesabiwa kana kwamba amesimama kwenye mstari wa goli au wa pembeni, mpaka mchezo usimame, au mpaka timu yake iupeleke mpira kuelekea katikati na uwe nje ya eneo lake la penalti. Bila sharti hilo mabeki wangekuwa wanaruka nje ili kuwaoteza wapinzani.

Mfano unaokumbukwa ni wa tarehe 9 Juni 2008 mjini Bern, Uholanzi dhidi ya Italia kwenye Euro. Christian Panucci alikuwa amelala nje ya mstari baada ya kugongana na kipa wake, Ruud van Nistelrooy akafunga akiwa na kipa tu mbele yake, na goli likakubaliwa. Panucci alihesabiwa yumo. Uholanzi ilishinda 3-0.

Mshambuliaji naye anaweza kutoka nje ili asiotee?

Anaweza, kuonyesha hahusiki. Akirudi na kujiingiza mchezoni mapema, anahesabiwa alikuwa kwenye mstari wa goli.

Adhabu yake ni nini?

Mpira wa adhabu isiyo ya moja kwa moja: lazima uguswe na mchezaji mwingine kabla ya kuingia golini. Hakuna kadi kwa kuotea.

Mtego wa kuotea ni nini?

Ni mabeki kupanda juu pamoja kabla tu ya pasi kupigwa, ili washambuliaji wabaki nyuma yao wakiwa wameotea. Unahitaji safu ya ulinzi inayokwenda kama mtu mmoja. Beki wa pembeni akichelewa hatua moja tu anamwokoa kila mshambuliaji, na nyuma yake hakuna mtu ila kipa.

Saudi Arabia waliutumia kwa ujasiri mkubwa dhidi ya Argentina kwenye Kombe la Dunia, tarehe 22 Novemba 2022. Chini ya kocha Hervé Renard, mabeki walisimama karibu kabisa na katikati ya uwanja, na katika kipindi cha kwanza Argentina walifungiwa milango mara tatu: goli moja la Lionel Messi na mawili ya Lautaro Martínez yalifutwa kwa kuotea. Saudi Arabia wakashinda 2-1 dhidi ya timu iliyokuja kutwaa kombe lenyewe. Anayeona kuotea ni kero inayoharibu mchezo airudie mechi hiyo aangalie miguu ya mabeki, si mpira.

Kanuni hii ilitoka wapi?

Ilikuwapo tangu kanuni za kwanza za chama cha soka cha Uingereza mwaka 1863, na ilikuwa kali: aliye mbele ya mpira ameotea. Lengo lilikuwa kuzuia watu kupiga kambi golini wakisubiri mipira mirefu. Mwaka 1866 ikalegezwa, ikatosha kuwa na wapinzani watatu kati ya mshambuliaji na mstari wa goli.

Sharti la watatu lilidumu karibu miaka 60, hadi mabeki walipolifanyia ufundi. Bill McCracken wa Newcastle United alisifika na kuchukiwa kwa mtego wake. Kwa kuwa walihitajika watatu, beki mmoja aliweza kupanda huku mwenzake akibaki nyuma kama akiba. Magoli yakapungua. Mwaka 1925 watatu wakawa wawili, na katika msimu mmoja magoli ya ligi ya Uingereza yakapanda kutoka 4,700 hadi 6,373. Miaka miwili baadaye ukaanza msimu ambao Dixie Dean wa Everton alifunga magoli 60 ya ligi.

VAR, yaani waamuzi wanaotumia video, imemaliza ubishi?

Imeondoa makosa ya aibu. Tarehe 27 Juni 2010 Carlos Tevez aliifungia Argentina dhidi ya Mexico akiwa ameotea waziwazi, marudio yakaonyeshwa kwenye skrini kubwa uwanjani, na waamuzi hawakuwa na njia ya kuyatumia. Goli likabaki. VAR iliyoanza kutumika kwenye Kombe la Dunia la 2018 ingelifuta kwa sekunde chache.

Qatar mwaka 2022 ikaongezwa teknolojia inayosaidia kuchora mstari: kamera 12 zilizofuatilia hadi sehemu 29 za mwili wa kila mchezaji mara 50 kwa sekunde, na kihisi ndani ya mpira kilichotuma taarifa mara 500 kwa sekunde ili kuijua nukta ya kupigwa pasi. Kompyuta haiamui kama mchezaji amejihusisha au amemziba kipa. Hilo bado ni la binadamu.

Na binadamu hukosea. Tarehe 30 Septemba 2023 goli la Luis Díaz wa Liverpool dhidi ya Tottenham lilikataliwa uwanjani. Chumba cha VAR kiliona hajaotea, lakini kikadhani goli lilikuwa limekubaliwa, kikasema ukaguzi umekamilika, na mpira ukaendelea. Mstari ulikuwa sahihi. Kilichoharibika ni mawasiliano ya watu.

Kwa nini kibendera huchelewa kuinuka?

Kuna sababu mbili. Mwamuzi msaidizi husubiri aone nani ataucheza mpira, kwa mfano wakikimbia washambuliaji wawili na mmoja tu ndiye ameotea. Na penye VAR, huelekezwa asubiri shambulio la wazi liishe, kwa sababu kipenga kikilia mapema goli halali haliwezi kurudishwa. Ubaya wake ni kwamba wachezaji wanaweza kuumizana katika mbio ambazo mwisho wake zinafutwa.

Kanuni itabadilika tena?

Arsène Wenger, anayesimamia maendeleo ya soka katika FIFA, anapendekeza mshambuliaji asihesabiwe ameotea ikiwa sehemu yoyote ya mwili wake inayoweza kufunga iko sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho. Magoli ya kufutwa kwa ncha ya kiatu yangepungua. Hofu yangu ni kwamba mstari ungehama tu: badala ya kubishania kidole cha mbele, tungebishania kisigino cha nyuma, huku mabeki wakirudi chini na nafasi ya kucheza katikati ikipungua.

Nikitazama kwenye runinga, nitajuaje mapema?

Usiamini jicho la kwanza. Kamera kuu iko katikati ya uwanja, hivyo tukio la karibu na goli unaliona kwa kuchepuka, na mshambuliaji aliye sambamba anaweza kuonekana ametangulia. Tumia mistari ya majani yaliyokatwa, ambayo katika viwanja vingi hupita sambamba na mstari wa goli. Marudio yakianza, ganda kwenye mguu wa mpasiaji mpaka uguse mpira, ndipo uhamishe macho kwa mshambuliaji. Kisha mtafute kipa. Kama ametoka golini, hesabu upya wapinzani waliobaki nyuma kabla hujaanza kubishana na mwenzako.